Adapta ya spika ya mlango si pete ya kujazia nafasi

Kauli inayonichosha kwa mafundi wa redio za gari hapa Malindi ni hii: "Hii haihitaji adapta, imeingia." Mwenye gari hufurahi, kava ya mlango hurudishwa, redio huwashwa, na haupiti muda yule yule yuaulizia bei ya amplifaya, kwa kuwa spika mpya ina kelele na haina besi. Spika haina kosa, na amplifaya itaongeza kelele ile ile. Kilichokosekana ni kile alichoambiwa hakihitajiki.

Adapta ya spika ni kipande bapa, aghalabu cha mviringo, kinachokaa baina ya chuma cha mlango na spika ambayo haikutengenezwa kwa gari lile. Kina matundu yanayolingana na boti za mlango, matundu mengine yanayolingana na spika mpya, na katikati kimetobolewa pa kupita sumaku. Huhitajika kwa sababu kwenye gari nyingi za Kijapani, ambazo ndizo zilizojaa barabara zetu, spika ya kiwandani imeshikana na fremu yake ya plastiki, na pengine imepigwa riveti. Ukiitoa, fremu nayo imekwenda, na spika ya dukani haina pa kushika. Usitegemee ile "inchi 6.5" iliyoandikwa kwenye boksi. Hicho ni kipimo cha jumla, karibu milimita 165 kwa upana wa nje, lakini tundu inalotaka spika, nafasi za skrubu zake na kina cha sumaku yake hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine.

Kuna adapta nyingine ya waya, ile plagi inayounganisha waya za gari na spika mpya bila kukata soketi ya kiwandani. Ni kitu kizuri, mimi huipendekeza, lakini haina uhusiano wowote na hii. Ukiagiza Mombasa, sema wazi ni ya waya au ni ya kufungia, usije ukaletewa vijiplagi viwili ndani ya karatasi.

Sasa tuje kwenye spesa, yaani kitu cha kujazia nafasi, maana hapa ndipo watu huchanganya kabisa. Spesa kazi yake ni kuinua. Kioo cha dirisha kikishuka hupita nyuma ya spika, na sumaku ikiwa ndefu kioo huigonga, kwa hiyo spika husogezwa mbele kidogo. Washa nne, vile vipete vya chuma, chini ya skrubu nne zinainua. Vipande vya mbao vinainua. Hata kandambili iliyokatwa inainua, na nimeiona. Kwa kioo, vyote hivyo vinatosha. Kwa sauti, vyote ni hasara, kwa kuwa vimeacha mwanya kuizunguka spika, na mwanya ule ndio unaokula besi.

Sababu yake ni hii. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, wakati huo huo huivuta nyuma. Mawimbi yanayotoka pande hizo mbili ni kinyume kwa kinyume. Mbele hewa ikibanwa, nyuma inalegea. Yakikutana, hufutana. Wimbi la besi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa takriban mita 3.4, kwa hiyo njia fupi ya kuzunguka ukingo wa spika si kitu kwake. Linatoka nyuma, linapita kwenye mwanya, linakutana na la mbele na yote mawili yanakwisha. Wimbi la trebo, ile sauti nyembamba ya juu, la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu, nalo haliathiriki hivyo. Ndiyo maana spika iliyofungwa vibaya hailii kama mbovu. Inalia kama nyembamba, mdundo haupo na sauti ya muimbaji inachoma masikio. Ni kama pampu ya baiskeli ambayo washa yake ya ngozi imekauka. Mkono unasukuma, na hewa inarudi kando.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya adapta ni kutenga hewa ya mbele na ya nyuma. Kushika spika ni kazi ya pili, na kuiinua ni ya tatu. Fundi anayesema imeingia bila adapta ametazama kazi ya pili peke yake.

Ukilielewa hilo utajua pia kwamba pete yenyewe, hata ikichongwa vizuri namna gani, haijawa adapta mpaka izibwe sehemu tatu: baina ya spika na pete, baina ya pete na chuma cha mlango, na baina ya mbele ya spika na kava ya ndani. Hii ya tatu husahauliwa karibu na kila mtu. Spika ya kiwandani mara nyingi huwa na sponji mbele inayobana kwenye grili ya kava. Ukiweka mpya bila sponji, sauti kiasi inapotea nyuma ya kava na kuitetemesha. Sponji ya kubandika yenye vitundu vilivyofumba, isiyonyonya maji, inatosha.

Na kuna ile nailoni. Mlango ukifunguliwa kava, utakuta chuma kina matundu makubwa yaliyofunikwa na nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wengi huichana wakapitishe mkono, kisha hawairudishi. Nailoni ile iko pale kwa ajili ya maji. Mvua inapita kwenye raba ya kioo, inateremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini, na nailoni inayazuia maji yasiingie kwako. Ikichanika, masika ya Aprili na Mei utaona zulia limelowa na utalaumu raba. Lakini vile vile matundu yale yakiwa wazi, hewa ya nyuma ya spika ina njia nyingine ya kuja mbele, na pete yako nzuri imefanya kazi bure.

Kuhusu kutengeneza: si kazi ngumu kwa fundi seremala, na mji huu una maseremala hodari. Peleka boksi gumu kwenye mlango, chora tundu na nafasi za boti, kisha kwenye boksi lile lile chora spika mpya. Shusha kioo mpaka chini kabisa kabla ya kupima kina. Usipime kioo kikiwa juu, maana hapo nafasi ni kubwa na inadanganya. Pima pia upande wa mbele, spika isije ikagusa kava. Baada ya hapo ni msumeno wa jigso na drili. Kama pete ni nene, milimita 18 au zaidi, chonga ukingo wa ndani kwa nyuma uwe mshazari, spika ipate kupumua.

Penye uzito ni mali ya kuchongea, na hapa pwani siwezi kulipita jambo hili haraka. Vitabu na video za ugenini husema tumia emudiefu. Emudiefu hukatika vizuri na ni rahisi, lakini ni unga wa mbao uliogandishwa. Ikinyonya maji inavimba ukingoni, skrubu zinalegea, na mwanya uliouziba unafunguka wenyewe. Ndani ya mlango wa gari la Malindi kuna maji ya mvua na hewa ya chumvi. Mtu akishikilia kuitumia, lazima aipake rangi au epoksi pande zote, na ndani ya kila tundu la skrubu.

Plaiwudi ya baharini, ile wanayotumia mafundi wa mashua, ni bora zaidi kwa kuwa gundi yake haiyeyuki kwa maji, ingawa nayo kingo zake zapasa kupakwa. Mimi huchagua ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama. Haunywi maji, haupasuki, na msumeno unaupita vizuri ukienda polepole usije ukauyeyusha. Tabia yake moja lazima uijue: gundi haiushiki, na silikoni hubanduka. Kwa hiyo ubane kwa boti na nati, na uzibe kwa sponji iliyobanwa katikati. Zile pete zinazochapwa kwa mashine ya 3D zinakubalika pia, ila si za PLA. Plastiki ile huanza kulegea karibu na digrii 60, na gari lililoegeshwa juani mchana kutwa hukaribia joto hilo. Ya ABS au ASA huvumilia.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Na ukitoboa tundu jipya kwenye chuma cha mlango, lipake rangi siku hiyo hiyo kabla hujafunga, kwa kuwa kutu ya upepo wa bahari haingoji.

Basi fundi akikwambia ameshaweka adapta, usibishane naye. Mwombe tu akuoneshe kabla hajarudisha kava. Ukiona washa chini ya skrubu, mwambie kwa upole, "Fundi, hizi ni spesa, bado adapta." Na akikwambia spika imeingia yenyewe, pitisha karatasi nyembamba kuizunguka pale ilipogusana na chuma. Ikipenya mahali popote, haijafungwa.