Mtoto Ameanguka Akikimbia: Msiseme Kifafa Kabla ya Kupima Moyo

Swali: Hitilafu ya mapigo ya moyo ni nini?
Jibu: Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Umeme huo ukiharibika, moyo huenda mbio mno, polepole mno au ovyo ovyo.

Swali: Kwa kichanga nitajuaje?
Jibu: Mapigo 140 kwa dakika kwake ni kawaida, na homa au kilio huyapandisha. Yakipita 220 ametulia, mlete. Hawezi kukwambia moyo unamdunda. Atakataa ziwa, atapauka, atahema na kutoka jasho. Mlete moyo ukiwa bado unaenda mbio, kwa sababu hapo ndipo kipimo hulikamata tatizo. Mkisubiri utulie, mnatuletea hadithi.

Swali: Wangu ana miaka tisa. Alianguka akicheza mpira, akazinduka mwenyewe. Bado nimlete?
Jibu: Ndiyo, leo. Kuzinduka si kupona. Na mpira na kuogelea basi, mpaka apimwe.

Swali: Lakini alirusha mikono na miguu. Si kifafa hicho?
Jibu: Moyo usiposukuma damu, ubongo hukosa hewa na mtoto hurusha viungo vilevile. Napokea watoto waliomeza dawa za kifafa kwa miaka bila kupimwa moyo hata mara moja. Alikuwa anafanya nini alipoanguka? Kama alikuwa anakimbia, anaogelea, au ameshtushwa na kelele, moyo kwanza.

Swali: Bibi yake anasema ni mashetani, aombewe kwanza.
Jibu: Shikamoo bibi. Muombeeni mkiwa kwenye gari. Moyo kwanza!

Swali: ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inauma?
Jibu: Haina sindano. Ni vibandiko kifuani, mikononi na miguuni kwa dakika chache. Ikitoka safi na bado anaanguka, kazi haijaisha: atavalishwa Holta, mashine ndogo inayorekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi. Na msiniambie "tulipiga eko ikawa sawa". Eko huangalia umbo la moyo na unavyosukuma damu. Umeme husomwa na ECG.

Swali: Nije na nini?
Jibu: Video ya tukio, kama ipo. Na ukweli kuhusu ukoo: nani alikufa ghafla akiwa kijana, nani alizama na kuogelea alikuwa anajua. Hayo huwa mnayakumbuka mkishafika mlangoni mnaondoka.

Swali: Na asipozinduka?
Jibu: Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mwingine akitafuta gari. Kitunguu cha kunusa kiacheni jikoni.