Nguo ni uzi kwanza: vigae vya Kilwa na ujio wa merikani

Chukua doti ya kanga ambayo bado haijakatwa wala kupindwa. Kwenye ukingo mbichi, chomoa uzi mmoja wa urefu wa kidole. Ushike ncha zote mbili, zungusha ncha moja kinyume cha msokoto wake, kisha vuta taratibu. Hautakatika, utaachia tu: nyuzinyuzi zitateleza na uzi utagawanyika mara mbili bila nguvu yoyote. Hapakuwa na gundi wala fundo. Nyuzinyuzi za pamba ya kawaida zina urefu wa sentimita 2 hadi 3 tu, na kinachozifanya zibebe uzito wa nguo ni kule kusokotwa.

Tukizungumzia historia ya nguo, macho hukimbilia kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, na rangi. Mimi naona huko ni kuanzia mwisho, kwa sababu kazi kubwa ilikuwa kwenye uzi, na hesabu yake si ngumu. Tuseme shuka la mita 2 kwa mita 1, lililofumwa kwa nyuzi 15 kila sentimita, pande zote mbili. Mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo, unataka nyuzi 1,500 za mita 2 kila moja, yaani mita 3,000. Mshindio, yaani uzi unaokatisha mtande kwa upana, upite mara 3,000, kila pito mita 1, mita 3,000 nyingine. Ni kilomita 6, na hapo hujahesabu vipande vya mtande vinavyobaki kitandani nguo ikishakatwa. Tukimkadiria msokotaji mzoefu mita 60 kwa saa, anahitaji saa 100. Mfumi, akishatanda, huimaliza sehemu yake kwa siku chache. Kwa hiyo nyuma ya kila mfumi palikuwa na mikono mingi inayosokota.

Na kabla ya kusokota kuna kuchambua. Pamba mbegu ikichambuliwa hutoa takriban theluthi moja tu ya pamba nyuzi. Shuka letu linataka kama robo kilo ya pamba nyuzi, kwa hiyo ukachume robo tatu ya kilo. Mbegu hutolewa kwa kuviringisha fimbo laini ya chuma juu ya jiwe bapa: pamba hupita chini, mbegu husukumwa mbele. Kisha pamba hupigwa kwa ugwe wa upinde hadi ifumuke, halafu hukunjwa miviringo myepesi ya unene wa kidole. Ukiruka hatua ya upinde, mabonge yatabaki ndani, na kila bonge ni mahali ambapo msokoto hauingii vizuri. Uzi utakatikia hapo.

Chombo cha kusokotea ni kijiti chenye kisahani kizito kidogo karibu na ncha, ili kikizungushwa kiendelee kuzunguka. Kilwa Kisiwani, visahani hivyo vilitengenezwa kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika: kigae kilisagwa ukingo hadi kiwe duara, kisha kikatobolewa katikati. Tundu likienda pembeni, kijiti hutikisika na uzi hutoka mnene hapa, mwembamba pale. Uzito nao una mambo yake. Pamba ina nyuzinyuzi fupi, kwa hiyo kisahani kizito kikining'inizwa kwenye uzi mwembamba huukata kabla haujakaza. Ndiyo maana wasokotaji wengi wa pamba huegemeza ncha ya kijiti ndani ya kibakuli au kifuu, uzi usibebe uzito wowote. Msokoto ukipungua, uzi huteleza kama ule wa kanga yako. Ukizidi, hujikunja vifundo mara tu unapoulegeza. Uzi wa mtande husokotwa kwa kukaza zaidi, kwa kuwa ndio unaovutwa na kusuguliwa, halafu hupakwa uji mwembamba ili usitoe manyoya. Wa mshindio unaweza kuwa laini.

Ukiona vigae vya duara makumbusho, angalia tundu kwanza. Kisicho na tundu huenda ni kete ya mchezo au kifuniko. Chenye tundu la katikati na ukingo uliosagwa vizuri ndicho cha kusokotea.

Vigae hivyo havidanganyi: Waswahili hawakuwa wanunuzi tu wa nguo za wengine. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Wareno walioingia Kilwa mwaka 1505 waliandika kwamba pamba ilistawi kisiwani. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba watu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walinunua nguo za rangi kutoka Cambay huko India, wakazifumua, kisha wakafuma upya kwa kuchanganya na uzi wao mweupe. Sababu aliyoitoa ni rangi. Mimi naongeza kwamba fundi aliyefumua nguo alipata pia kilomita za uzi uliokwisha kusokotwa.

Uingereza ilibanwa na jambo lilelile. Mwaka 1733 John Kay alibuni chombo cha kurusha mshindio, wafumaji wakaenda mbio na uzi ukawaishia. Mashine za kusokota zilifuata: ya Hargreaves katika miaka ya 1760, ya Arkwright 1769, ya Crompton 1779. Uzi ulipopatikana tele, uhaba ukahamia kwenye kuchambua. Mashine ya Eli Whitney ya 1793 ikaufungua, na mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani yakapanuka kwa jasho la watumwa. Hapa sipendi tupite haraka. Pamba hiyo, ikifumwa katika viwanda vya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, ndiyo iliyokuja Zanzibar kwa jina la merikani, hasa baada ya mkataba wa Sultani Sayyid Said na Marekani wa 1833. Huko bara merikani ilipimwa kwa vipimo vya mkono, shuka na doti, ikalipa wapagazi, ushuru wa njia na pembe za ndovu. Kazi ya mtumwa wa ng'ambo ikawa fedha ya misafara iliyoleta watumwa pwani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipunguza merikani, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Mogadishu, wafumaji hawakuacha kazi. Vitanda vyao viliendelea kulia, ila walianza kununua uzi wa kiwandani. Kilichoachwa kwanza kilikuwa kile kijiti na kisahani chake.