Kuzima minara michache iwezekanavyo: kazi ngumu ambayo ramani huipunguza

Chukua minara midogo ya redio inayotumia masafa yaleyale, kila mmoja ukifika umbali wa kilomita 1 pande zote. Minara miwili ikiwa karibu kuliko kilomita 2, maduara yake yanapishana na mawimbi yanagongana. Swali la anayepanga mtandao huo ni hili: je, tukiruhusiwa kuzima minara isiyozidi k, tunaweza kumaliza migongano yote?

Ukichora kila mnara kama nukta na kila mgongano kama mstari, unapata grafu ya maduara yaliyo sawa. Swali hili ni NP-gumu hata kwenye grafu za aina hiyo: hakuna aliyepata njia ya haraka inayofaa kila ramani, na wataalamu wengi wanaamini haipo. Kinachowezekana ni kuibana sehemu ghali ya hesabu ikae ndani ya k, badala ya idadi nzima ya minara.

Njia ya kawaida ni matawi. Shika jozi yoyote inayogongana: lazima angalau mmoja uzimwe, basi jaribu kuzima wa kwanza, kisha rudi ujaribu wa pili. Kina hakizidi k, hivyo majaribio hayazidi 2^k. Kwa k = 20 hiyo ni milioni moja na kidogo. Kwa k = 100 ni namba yenye tarakimu 31.

Kabla ya matawi, punguza ramani. Nemhauser na Trotter walionyesha mwaka 1975 kwamba kila mnara unaweza kupewa 0, nusu au 1, kila jozi inayogongana ikijumlika angalau 1, na jumla yote ikiwa ndogo kabisa. Wenye 1 unazimwa, wenye 0 unabaki hewani, na wa nusu ndio unaobaki kuamuliwa. Ikibaki zaidi ya mara mbili ya k iliyosalia, jibu ni hapana. Uzuri wa hatua hii ni kwamba inaondoa minara tu, haigusi mahali pa iliyobaki. Zipo kanuni nyingine za kupunguza zinazounganisha nukta mbili kuwa moja. Hizo ni halali kwa grafu yoyote, lakini nukta mpya haina mahali kwenye ramani, na hatua inayofuata inavunjika.

Hatua hiyo ni kuigawa ramani kwa seli za mraba zenye upande wa kilomita 1.41. Ulalo wa seli unakuwa kilomita 1.99, kwa hiyo minara yote iliyo ndani ya seli moja inagongana na hubaki mmoja tu hewani, au hakuna. Seli yenye minara 6 ina hali 7 badala ya 64. Ukikadiria upande kuwa 1.42, ulalo unapita kilomita 2, na minara ya pembe mbili inaweza kuachana bila programu kujua. Vilevile, mnara hauwezi kugongana na wowote ulio nje ya seli 24 zinazoizunguka seli yake.

Sasa kata. Zungusha mpaka wa mraba unaoacha sehemu ya kutosha ya minara ndani na nyingine nje. Mpaka uwe na unene wa seli mbili. Wa seli moja una kilomita 1.41 tu, na mgongano unaruka juu yake. Kwa kila hali ya minara ya mpakani, ndani na nje vinatatuliwa kila kimoja peke yake, kisha kila kipande kinakatwa tena. Mwaka 2018 de Berg, Bodlaender, Kisfaludi-Bak, Marx na van der Zanden walithibitisha kwamba daima upo mpaka mwepesi wa kutosha, yaani wenye hali chache za kujaribu, na kazi nzima inashuka hadi 2 yenye kipeo kinacholingana na kipeuo cha pili cha idadi ya minara. Kwa kuwa tumeshaipunguza idadi hadi 2k, kipeo kinafuata √k. Kwenda chini zaidi ya hapo hakutarajiwi, isipokuwa dhana inayoaminiwa sana kuhusu ugumu wa hesabu iporomoke.

Makosa mengi hutoka kwenye data. Viwianishi vikiwa kwa nyuzi, vigeuze kuwa mita kwanza, maana nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Mlima ukizuia mgongano kati ya minara ya seli moja, jibu litakuwa salama lakini litazima mingi kuliko inavyohitajika. Mgongano ukitokea mbali kuliko kilomita 2, jibu litaacha minara inayogongana, na hilo ni baya zaidi. Na usitupe viwianishi ukabaki na orodha ya jozi tu: kurudisha maduara kutoka kwenye orodha hiyo kwenyewe ni NP-gumu.

Tahadhari nyingine ni kugeuza swali. Ukiuliza “je, minara k inaweza kubaki hewani bila kugongana?”, grafu ni ileile lakini Marx ameonyesha kwamba hapo hakuna matumaini ya kuibana gharama ndani ya k peke yake. Kwa n minara, bora tulicho nacho ni n yenye kipeo kinachofuata √k.

Usidanganywe na alama ya √ kabla ya kuona namba inayoizidisha. Ikiwa ni 5, basi k = 100 inatoa 2^50, wakati algoriti nzuri za matawi, ambazo majaribio yake ni kama 1.25^k badala ya 2^k, zinamaliza kwa hatua bilioni kadhaa. Mbinu ya ramani inashinda k ikivuka kama 240, na hapo zote mbili zimeshashindikana kwa makadirio hayo. Kwa hiyo hesabu mpaka halisi wa ramani yako. Minara iliyofuata barabara kuu ya kilomita 300, katika ukanda wa seli 3 kwa upana, ina safu kama 213, lakini mpaka unaoukata ukanda ni seli 6 tu. Zikiwa na minara 6 kila moja, hali za mpakani ni 7^6, yaani 117,649, na jedwali la ukubwa huo linasogezwa safu kwa safu hadi mwisho wa barabara kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.