Mwanasheria Mkuu hashtaki wezi

Mtu akipandishwa kizimbani Tanzania, wengi husema "Mwanasheria Mkuu kamshtaki." Sivyo. Mashtaka ya jinai ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, anayetambuliwa na Ibara ya 59B ya Katiba. Tangu kazi za kisheria za Serikali zigawanywe upya Februari 2018, Mwanasheria Mkuu wa Serikali hushauri, na mawakili wake huandika miswada na kupekua mikataba. Kesi za madai na usuluhishi hubebwa na Wakili Mkuu wa Serikali.

Hapo ndipo wananchi wanapoumia. Unaidai halmashauri fidia ya kiwanja? Toa kwanza notisi ya siku 90, nakala zifike kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu. Kisha Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Ukimsahau, kesi hukwama kabla jaji hajagusa madai yako.