Nuru haiishii kwenye zambarau

Wengi tulitoka shuleni tukiamini kwamba nuru inaanzia kwenye nyekundu na kukomea kwenye zambarau. Si kweli. Nuru ni mawimbi, na mpaka huo, urefu wa wimbi wa takriban nanomita 380 hadi 750 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ni wa macho yetu, si wa nuru yenyewe.

Ukiwa mwaloni hapa Mwanza usiku, sogeza kiganja karibu na karabai ya wavuvi wa dagaa bila kuigusa, kisha fumba macho. Joto linakufikia papo hapo. Sehemu kubwa yake ni mawimbi ya infraredi, jamii moja na ile nuru inayovuta dagaa, ila marefu zaidi. Mwanaastronomia William Herschel aliyagundua mwaka 1800, kwa kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu.

Na urefu unaendelea. Redio ya FM kwenye megahezi 100 hutumia wimbi la mita 3. Kwa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kama za umeme wetu wa majumbani, wimbi linafika kilomita 6,000. Hakuna kanuni ya fizikia inayojulikana inayosema hapa basi.

Upande wa ufupi kuna eksirei, kisha miale ya gama. Husemwa kwamba urefu wa Planck, ambao ni mdogo mno kuliko kiini cha atomu, ndio wimbi fupi kuliko yote. Hilo halijathibitishwa, hapo ndipo nadharia za sasa zinapoacha kutosha. Isitoshe, anayekimbilia chanzo cha nuru hulipima wimbi lilelile kuwa fupi kuliko aliyesimama, kwa hiyo wimbi fupi la mmoja linaweza kuwa fupi zaidi kwa mwingine.