Kelele Isiyoondoka, Ukimya Uliojibu: Mwanzo wa Ulimwengu na Fumbo la Fahamu

Kila tunapofungua milango ya kituo chetu kwa wageni, maswali mawili hayakosi. La kwanza huja mapema, watu wakiwa bado kwenye foleni ya darubini: ulimwengu ulianzaje? La pili huchelewa. Huulizwa taa za ukumbi zikianza kuzimwa, kwa sauti ya chini, muulizaji akiwa kama anaomba radhi: na mimi je, huyu ninayejisikia nimo ndani ya kichwa hiki, nilianzaje? Wengi wetu tulio katika falaki hulirukia la kwanza na kulikwepa la pili. Mimi mwenyewe nimelikwepa miaka mingi. Siku hizi naona afadhali kuyaeleza pamoja. Hayana jibu moja, lakini ukishaona la kwanza lilivyojibika, unaelewa vizuri zaidi la pili limekwama wapi.

Nianze na kelele.

Mwaka 1964 wanafizikia wawili vijana wa maabara za Bell, za kampuni ya simu, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakihangaika na antena kubwa yenye umbo la baragumu huko Holmdel, New Jersey, nchini Marekani. Mdomo wake ulikuwa na upana wa takriban mita 6. Ilijengwa kwa majaribio ya mawasiliano ya setilaiti, na wao walitaka kuitumia kupima mawimbi ya redio yatokayo angani. Kabla ya kupima chochote ilibidi wahakikishe chombo chenyewe kiko kimya. Hakikuwa kimya. Kulikuwa na mvumo hafifu, wa kiwango kilekile usiku na mchana, majira yote, popote antena ilipoelekezwa. Wakaielekeza upande wa New York wakidhani ni kelele za jiji. Mvumo haukupanda wala kushuka. Wakaziba viungo vya antena kwa utepe wa alumini. Wakakuta njiwa wawili wamejenga kiota ndani, na kuta zimepakwa kile ambacho Penzias, kwa adabu ya kisayansi, alikiita kitu cheupe kisichopitisha umeme. Wakasugua. Njiwa wakapelekwa mbali wakaachiliwa, wakarudi, maana njiwa hujua kwao. Mwisho wao haukuwa mzuri. Mvumo ukabaki palepale.

Hapa ndipo ninapowaomba wageni watulie kidogo. Wengi wetu tungeandika pembeni mwa daftari "hitilafu ya chombo" na kuendelea na kazi. Kwa kweli mwaka 1948 wanafizikia Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wameshakadiria kwa hesabu kwamba anga lote linapaswa kuwa na masalia ya joto la mwanzo wa ulimwengu, kama nyuzi 5 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana, na karibu hakuna aliyejisumbua kuyatafuta. Si mbali na Holmdel, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Robert Dicke na wenzake walikuwa wanaunda kifaa cha kuyatafuta. Simu ya Penzias ilipoingia, Dicke alisikiliza, akaiweka chini, akawageukia wenzake na kuwaambia kwamba wamewahiwa. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 1978, ikaenda kwa wale waliosugua kinyesi cha njiwa.

Walichokisikia ni nuru kongwe kuliko zote tunazoweza kuzipokea. Ulimwengu mchanga ulikuwa moto mno kiasi kwamba elektroni hazikuweza kutulia kwenye viini vya atomi. Zilizurura huru, na nuru kila ilipotaka kwenda mbele iligongana nazo, kama taa za gari ndani ya ukungu mzito: mwanga upo, lakini haufiki popote. Ilipotimia miaka kama 380,000, joto lilishuka hadi nyuzi 3,000 hivi, elektroni zikashikamana na viini, ukungu ukakatika. Nuru ikaanza safari, na bado iko safarini. Tangu wakati huo anga limetanuka takriban mara 1,100, na mawimbi ya nuru hiyo yamevutwa pamoja nalo hadi yakawa mikrowevu, aina ya mawimbi ya redio. Joto lake leo ni nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi. Aliyewahi kuwa na televisheni ya zamani ya antena atakumbuka chenga zilizojaa kwenye kioo kituo kikikosekana. Sehemu ndogo ya chenga zile, kama asilimia 1, ilikuwa nuru hiyo. Tulikuwa tukiitazama kwa kero, tukiinuka kuipigapiga televisheni ubavuni.

Nadharia hii ya mwanzo wenye moto huitwa Mlipuko Mkuu, na jina hilo limetuponza. Alilibuni mwanafalaki Mwingereza Fred Hoyle kwenye kipindi cha redio mwaka 1949, naye hakuikubali nadharia yenyewe hadi mwisho wa maisha yake. Mtu akisikia mlipuko hufikiria mahali fulani, bomu, na vipande vikirushwa kwenye nafasi tupu iliyokuwa inasubiri. Sivyo. Chukua utepe wa mpira, uutie nukta kwa kalamu, kisha uuvute. Kila nukta inaachana na jirani zake, na zilizo mbali zaidi zinaachana kwa kasi zaidi, ingawa hakuna nukta iliyotembea juu ya mpira. Mpira ndio uliotanuka. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, aliliandika hilo mwaka 1927, na Edwin Hubble akachapisha vipimo vya galaksi vilivyolithibitisha mwaka 1929. Ukiurudisha mpira nyuma kwa hesabu, unafika miaka bilioni 13.8 iliyopita, kila kitu kikiwa kimesongamana na moto usioelezeka.

Na kabla ya hapo? Fizikia tuliyo nayo inatufikisha kwenye sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza, kisha milinganyo inaanza kutoa majibu yasiyo na maana. Hapo ndipo mpaka ulipo. Wapo wanaotaka kuweka imani yao mpakani hapo, na wapo wanaotaka kuweka ukanaji wao. Lemaître alinifundisha kutofanya lolote kati ya hayo. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipozungumza hadharani kana kwamba sayansi imethibitisha uumbaji, padri huyo hakufurahi. Aliona nadharia ya fizikia iachwe isimame au ianguke kwa vipimo vyake.

Vipimo vyenyewe havikuishia kwenye mvumo. Dakika chache za kwanza zilitosha kupika haidrojeni na heli, kwa uwiano wa takriban robo tatu kwa robo ya uzito, na ndio uwiano tunaoukuta tukipima mawingu ya kale ya gesi angani. Kaboni, oksijeni na chuma vilikuja baadaye sana, vikifuliwa ndani ya nyota. Kwa hiyo ukitaka kushika kitu kilichokuwepo mwanzoni, huhitaji darubini. Ubongo wako una uzito wa kilo 1.4 hivi, na zaidi ya theluthi mbili yake ni maji. Kila molekuli ya maji ina haidrojeni mbili, na karibu viini vyote vya haidrojeni hiyo vina umri wa ulimwengu wenyewe. Vimepita kwenye mawingu, vimbunga na mito, na sasa vimo ndani ya kichwa kinachouliza vilitoka wapi.

Swali la pili basi si geni kabisa kwa la kwanza. Lakini ni gumu kwa namna nyingine.

Kiswahili kina usemi wake hapa. Tunasema mtu amepoteza fahamu, kisha fahamu zikamrudia, kwa wingi, kana kwamba zilikuwa zimetoka matembezini. Aliyewahi kupigwa nusukaputi anajua jinsi usemi huo ulivyo sahihi. Unaambiwa uhesabu kurudi nyuma kuanzia 10. Unafika 7, labda 6. Mara sauti inakuita jina na kukuambia upasuaji umekwisha. Hukuota, hukugeuka, na wala hukuhisi kwamba muda umepita, tofauti na usingizi wa kawaida. Saa 3 zimeng'olewa maishani mwako na kingo zikashonwa pamoja. Tangu daktari wa meno William Morton alipomvutisha mgonjwa mvuke wa etha, dawa ya kulaza, mbele ya madaktari wa Boston tarehe 16 Oktoba 1846, tumekuwa tukizima fahamu za watu na kuziwasha, na bado hatujakubaliana ni nini hasa tunachokizima.

Si ubongo mzima, maana chini ya dawa seli zake zinaendelea kurushiana ishara. Wala si suala la wingi wa seli. Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86, na kati ya hizo bilioni 69 zimo kwenye ubongo mdogo ulioko kisogoni. Ukiumia huo, mtu anayumba akitembea na mikono inamtetemeka, lakini bado yumo, anaona, anahuzunika. Lililobadilika chini ya nusukaputi linaonekana kuwa mawasiliano kati ya sehemu na sehemu. Mtafiti wa ubongo Marcello Massimini na wenzake hupiga ubongo kwa mpigo mfupi wa sumaku kutoka nje ya fuvu, kisha husikiliza mwangwi wa umeme unaofuata. Kwa mtu aliye macho mwangwi husambaa mbali, ukigeuka umbo kila unapopita. Kwa aliye katika usingizi mzito au chini ya dawa, hukaa palepale ulipopigwa na kufa upesi. Kama kengele iliyofungwa kitambaa.

Tukijua hayo yote, je, tumejibu? Mwaka 1714 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alipendekeza tufikirie mashine inayofikiri na kuhisi, iliyokuzwa hadi tuweze kuingia ndani yake kama mtu anavyoingia kwenye jengo la kinu cha kusagia nafaka. Tungeona vipande vikisukumana, alisema, lakini kamwe tusingeona kitu cha kueleza kuhisi. Katika miaka ya 1990 mwanafalsafa David Chalmers alilipa jambo hilo jina la tatizo gumu: unaweza kufuata ishara kutoka kidole kilichoungua hadi kwenye gamba la ubongo, hatua kwa hatua, na bado ukabaki ukiuliza kwa nini inauma. Mwaka 1998 aliwekeana dau na mtafiti wa ubongo Christof Koch, aliyeamini kwamba ndani ya miaka 25 alama dhahiri ya fahamu katika seli za neva ingekuwa imepatikana. Mwaka 2023 Koch alikuja na mvinyo wa kulipa.

Huwa nakumbuka pia kwamba mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte, mwaka 1835, aliandika kuwa hatutajua kamwe nyota zimeundwa na nini. Miaka 24 baadaye wanasayansi wa Ujerumani Kirchhoff na Bunsen walionyesha kwamba rangi za nuru hubeba alama za elementi, na siri ikafunguka. Ni hadithi ya kutia moyo, ila haitoshi. Nyota ilikuwa ikitutumia nuru yake muda wote. Tulikosa tu namna ya kuisoma. Maumivu ya mtu mwingine hayatumi kitu cha aina hiyo. Ushahidi uko ndani ya shahidi.

Pengo hilo limewavutia wachuuzi. Utasikia kwamba fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo mno, imethibitisha akili ndiyo inayoumba uhalisia, kwa kuwa chembe hubadilika zikitazamwa. Kutazama katika fizikia hiyo maana yake ni kugusana na chombo cha kupimia, iwe kuna mtu chumbani au hayupo. Nyota ziliwaka mabilioni ya miaka bila jicho lolote. Wapo wanafalsafa makini wanaoshikilia kwamba chembe ya fahamu imo katika kila kitu, na hoja zao zinastahili kusomwa taratibu. Anayekuuzia kozi ya wikendi kwa jina la kwanta hayumo kati yao.

Kazi inayonigusa zaidi haikudai kutatua tatizo gumu. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walichapisha uchunguzi wa mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa kwenye ajali ya barabarani. Kwa miezi alifumbua macho na kuyafumba bila kuitikia neno wala mguso. Kwa vipimo vyote vya kando ya kitanda, hakuwepo. Walimlaza kwenye mashine ya MRI inayofuatilia mtiririko wa damu ubongoni, wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu inayopanga mijongeo ikaamka, ikabaki hivyo nusu dakika, hadi alipoambiwa apumzike. Wakamwambia: fikiria unatembea ndani ya nyumba yako, chumba hadi chumba. Sehemu nyingine zikaamka, zilezile zinazoamka kwa mtu mzima wa afya. Kama mvumo wa Holmdel, ule ukimya ulikuwa umeshaandikiwa maelezo tayari, nayo hayakuwa sahihi.

Miaka 4 baadaye mgonjwa mwingine alitumia njia hiyohiyo kujibu maswali: tenisi kwa ndiyo, nyumba kwa hapana. Na uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2024, kutoka hospitali za nchi kadhaa, ulipima wagonjwa 241 ambao hawakuonyesha kuitikia amri yoyote kwa mwili. Walipewa amri, zikarudiwa kwa dakika kadhaa, huku ubongo ukipimwa. Wagonjwa 60 walikuwa wanasikia na kutii, bila hata mmoja kuinua kidole.