Mchezo kamili katika besiboli ni nini?

Katika besiboli, mchezo huitwa kamili pale timu moja inapomaliza mechi bila kumruhusu mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza, yaani cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji huvikimbilia ili kupata pointi. Mechi ya kawaida ina awamu 9, na katika kila awamu timu inayopiga inaendelea mpaka watu wake 3 watolewe, yaani wakose kufika kituo na warudi benchi. Kwa hiyo wanakuja wapigaji 27, wanarudi benchi wote 27. Mmoja akipiga mpira akafika salama, basi. Mrushaji, yaani anayewarushia wapigaji mpira, akikosa shabaha mara 4 kwa mpigaji mmoja, huyo anapewa kituo cha bure, na ukamilifu umekwisha. Hata mlinzi akiponyokwa na mpira mwepesi, mpigaji akaponea hapo, umekwisha pia. Kipa wa soka anaweza kupigiwa mashuti mengi langoni na bado akatoka bila kufungwa. Mrushaji hana nafasi hiyo.

Lee Richmond aliufungua ukurasa huo mwaka 1880. Mpaka Domingo Germán alipoupata wa kwake mwaka 2023, ligi kuu za Marekani zilikuwa zimehesabu 24 tu.

Unaokumbukwa zaidi ni wa Don Larsen wa New York Yankees, tarehe 8 Oktoba 1956, katika mechi ya tano ya fainali za World Series dhidi ya Brooklyn Dodgers. Larsen hakuwa nyota. Miaka miwili nyuma, akiwa na timu ya Baltimore, alipoteza mechi 21 katika msimu mmoja. Katika mechi ya pili ya fainali hizohizo alibadilishwa mapema, awamu ya pili, baada ya kugawa vituo vya bure ovyo. Siku tatu baadaye akarusha mipira 97, na Dodgers hawakuona kituo. Yankees walishinda 2-0.

Sifa zote alipewa yeye, lakini mimi naona jina la mrushaji peke yake linaficha mengi. Katika awamu ya pili, Jackie Robinson wa Dodgers aliupiga mpira kwa nguvu ukamgonga Andy Carey, mlinzi wa Yankees, mkononi; ukaruka kwa mwenzake Gil McDougald, naye akaurusha kituo cha kwanza, Robinson akatolewa akiwa karibu kufika. Awamu ya tano, Gil Hodges wa Dodgers aliupeleka mbali, Mickey Mantle wa Yankees akaukimbilia na kuudaka. Halafu kuna mwamuzi. Babe Pinelli alikuwa anasimama nyuma ya mdakaji, mchezaji anayedaka mipira ya mrushaji, kwa mara ya mwisho katika kazi yake, na ndiye aliyeamua kwamba mpira wa mwisho, ambao Dale Mitchell hakuupiga, ulipita mahali halali, kwa hiyo Mitchell akatolewa. Mitchell alishikilia kwamba ulipita nje. Uamuzi haukubadilika.

Sharti jingine ni kushinda, na hapo ndipo Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates alipoumia. Mwezi Mei 1959, ugenini kwa Milwaukee Braves, aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, awamu 12 nzima. Wenzake hawakumpatia hata pointi moja. Awamu ya 13 mlinzi alikosea, Braves wakapata mwanya, Haddix akafungwa. Mwaka 1991 wakubwa wa ligi walipoandika upya maana rasmi ya mchezo kamili, mechi yake haikuingia.